Nywila ya Bi Shinuna

Kanda kumi na nne, zimeota ukungu mweupe
kama mkate uliosahauliwa kabatini.
Bibi kazitoa kwenye sanduku la bati,
kazifungua kamba, fundo baada ya fundo,
akaniwekea mezani: "Haya, fundi,
zitie humo kwenye hilo dude lako.
Ila usitazame."

Dude langu ni kisanduku cheusi chini ya runinga,
diski mbili tumboni, moja ikifa nyingine irithi.
Waya wa buluu umepita juu ya mlango wa majilisi,
ukapenya tundu la kiyoyozi cha zamani
mpaka vyumbani, mpaka ghorofani kwa Mundhir,
shemeji atakaye mpira sebuleni, mpira jikoni,
mpira hata kwenye friji, lau lingekuwa na kioo.
Hapa Al-Khoudh, nyumba nzima sasa inakula sahani moja.

Lakini sahani moja ina mikono mingi,
na kanda hizi ni usiku wa wanawake,
Ibra, mwaka wa themanini na saba:
nywele zimefunguliwa, mabega wazi,
hata kamera ilishikwa na binti wa jirani
aliyefundishwa kitufe kimoja tu.

Basi nikazihamisha kama muosha maiti, stara kwanza:
shuka juu ya kioo, sauti chini kabisa,
macho kwenye tarakimu peke yake.
Harusi ya shangazi Thuraya mimi naijua hivi:
saa moja, dakika arubaini na mbili,
gigabaiti nne na ushei.
Kanda ya tisa ilikwama.
Nikaifungua kwa bisibisi, nikaunga utepe,
nikakata, Mungu anisamehe, sekunde tatu
za sijui nani, akifanya sijui nini.

Usiku nikakaa na ruta, ikanitajia wageni wake:
simu saba, runinga nne, tableti ya Bibi,
na kimoja kisicho na jina.
Kumbe ni kijana wa dobi, ng'ambo ya ukuta,
kapewa nywila na Mundhir
kwa kupigiwa pasi kanzu tatu bure.
Na ukuta wetu una mita mbili na nusu!

Nikataka kumkata palepale. Bibi akanizuia.
"Ana mama yake mbali, anataka kumwona.
Mpe baraza. Chumbani usimpe."
Miaka minne nimesomea mambo haya chuoni,
sikuwahi kufafanuliwa vizuri hivyo.
Nikafungua mtandao wa pembeni, nikauita Baraza,
unaona dunia yote, isipokuwa sisi.

Zikabaki kanda, na chumba chao.
"Andika neno asilolijua mtu," nikamwambia,
nikageukia ukutani.
Kidole kimoja kikagonga kioo, taratibu,
mara kumi na moja.
"Ukilisahau?"
"Ndilo jina aliloniitia mama
kabla sijapewa hili. Nitalisahauje?"
"Na ukiwa... hupo?"
Akavuta leso mabegani.
"Zuwena anajua nusu. Nusu ya pili anayo Mwanaidi wa jikoni.
Wakitaka kuniona nacheza, itabidi wakae pamoja."

Mwanaidi, ambaye Zuwena hajawahi kukaa naye
ila kumwagiza chai.

Saa nane za usiku sasa. Nimeshuka kunywa maji.
Taa ya kijani chini ya runinga inapepesa,
haraka haraka, kama jicho lililoingiwa na mchanga.
Natazama simuni: tableti ya Bibi, inapokea.
Naweza kubonyeza, nikajua kanda gani.

Juu ya dari, kwenye chumba cha mtu
ambaye goti lake la kulia tumelipeleka kwa madaktari watatu,
kishindo. Kimya. Kishindo.

Naizima simu.
Mtandao una kasi nzuri usiku huu.